Kipya kinyemi, lakini okoa faili zako kwanza

Mpenzi msomaji, ikiwa kompyuta ya nyumbani kwako inatumia Windows 10, yamkini umewahi kuiwasha ukakutana na tangazo la kukuarifu kwamba muda wa programu hiyo umekwisha. Wako waliolifunga tangazo hilo wakaendelea na kazi zao. Wako walioingiwa na hofu wakidhani kwamba mashine itazimika yenyewe usiku wa manane. Na wako waliokwenda dukani wakaambiwa kwamba hapana budi wanunue kompyuta mpya, na mara pesa za karo zikaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Leo tulizungumze jambo hili kwa utulivu. Ukifika mwisho wa ukurasa huu nataka uwe unajua mambo matatu: ni kitu gani hasa kilichokwisha, kompyuta yako ina njia zipi mbele yake, na ni kazi gani unayopaswa kuifanya kabla ya kugusa chochote. Hilo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Kompyuta ikiharibika hununuliwa nyingine, lakini picha za arusi ya bintiyo, au sauti ya nyanya yako aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, haziuzwi katika duka lolote la Digo Road.

Mfumo endeshi ni kitu gani?

Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni sanduku tu. Mfumo endeshi ndio programu mama inayoamka kwanza unapobonyeza kitufe cha kuwasha, kisha ikaziamuru sehemu nyingine zote: kibodi, skrini, diski, printa na intaneti. Programu zote unazozijua, iwe ni ya kuandikia barua au ya kupigia hesabu za duka, zinakaa juu yake kama vile ghorofa inavyokaa juu ya boriti katika nyumba za Mji wa Kale. Boriti zikianza kuliwa na mchwa ghorofa haianguki siku hiyo hiyo. Watu huendelea kulala na kuamka, mpaka siku moja.

Watu wazima miongoni mwetu wanakumbuka kishindo cha Windows 95, iliyotolewa tarehe 24 Agosti 1995. Hiyo iliridhika na kumbukumbu ya megabaiti 4. Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, inadai gigabaiti 4 kwa uchache, yaani zaidi ya mara 1000. Kati ya hizo mbili zilipita Windows 98, XP ya mwaka 2001, Windows 7 ya mwaka 2009, na Windows 10 ya tarehe 29 Julai 2015. Kila moja ilikuja kwa vigelegele, na kila moja ilistaafishwa. XP ilifikia mwisho wa huduma tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hivyo hili si balaa lililokushukia wewe peke yako. Ndiyo desturi ya biashara hii.

Kilichokwisha ni kalafati

Mkaazi wa Mombasa hahitaji mfano wa mbali. Jahazi likikaa sana baharini mbao zake huanza kuachana kidogo kidogo. Ndipo hupandishwa pwani, nyufa zikajazwa pamba na mafuta, likakalafatiwa na kurudishwa majini. Jahazi ambalo halikukalafatiwa haliwi bovu siku ya pili. Linaelea na matanga yake yanajaa upepo, ila maji yanaingia chini mahali ambapo nahodha hayaoni.

Programu nayo ni vivyo hivyo. Hakuna mfumo endeshi uliotoka kiwandani bila ya nyufa, na wezi wa mitandao kazi yao ni kuzitafuta. Kampuni ya Microsoft huwa na desturi ya kutoa viraka vya kuziba nyufa hizo kila Jumanne ya pili ya mwezi. Kilichokoma kwa Windows 10 ni viraka hivyo vya bure. Kompyuta inawaka kama kawaida, barua zinaandikwa na picha zinafunguka. Lakini kila ufa mpya unaogunduliwa unabaki wazi, na kila mwezi idadi yake inaongezeka.

Je, hatari hiyo ni ya kweli au ni maneno ya wauzaji tu? Tazama yaliyotokea tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo programu haramu iliyoitwa WannaCry ilienea duniani, ikaingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 za nchi zipatazo 150. Ilizifunga faili za watu kwa ufunguo wa siri na kudai dola 300 ili kuzifungua. Huko Uingereza hospitali za serikali zililazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Ajabu ni kwamba kiraka cha kuuziba ufa huo kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla. Wengi walioumia ni wale ambao dawa ilikuwa mlangoni mwao wasiifungulie. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa fikiria yaliyomo katika kompyuta yako. Kuna nakala za vitambulisho na hati za kuzaliwa ulizozipiga picha kwa ajili ya maombi ya mkopo wa HELB. Kuna namba ya siri ya iTax. Pengine kuna hati ya nyumba ya urithi ambayo ndugu saba wana haki ndani yake. Hizo ndizo mali anazozitafuta mwizi, wala hana haja ya kupanda ngazi usiku.

Kwanza okoa mali

Kabla hujabadilisha lolote, nunua diski ya nje, au flashi yenye nafasi ya kutosha, na unakili humo kila kitu usichotaka kukipoteza. Usinakili kwa kubahatisha. Keti na watu wa nyumbani uulize kila mmoja ana nini ndani ya mashine. Mwanafunzi wa chuo ana tasnifu yake. Mtahiniwa wa KCSE ana mradi wa somo la Kompyuta. Mama ana daftari la chama. Baba ana barua za kikazi. Angalia pia pembe zinazosahaulika: faili zilizotupwa juu ya skrini ya kwanza, zilizopakuliwa kutoka intaneti, na alama za kurasa katika kivinjari.

Tengeneza nakala mbili, si moja. Moja ikae nyumbani, na nyingine uiweke mahali pengine, kwa mfano kwa dada yako aliye Makupa, au katika hifadhi ya mtandaoni ikiwa unayo. Flashi hupotea, na hewa yetu ya chumvi ya kisiwani haina huruma na vyuma. Ukimaliza kunakili usiamini kwa macho tu. Chomeka diski hiyo katika kompyuta nyingine, ufungue picha mbili tatu na barua moja ndefu. Nakala ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui. Mashine nyingi za miaka ya karibuni huifunga diski yake kwa kufuli la siri liitwalo BitLocker. Ukigusa mipangilio ya ndani ya mashine, huenda ikakudai ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48. Asiyekuwa nao hataziona faili zake tena, hata ampeleke fundi wa aina gani. Utafute ufunguo huo mapema katika akaunti yako ya Microsoft, uuandike katika karatasi, na karatasi hiyo uiweke pamoja na vyeti vya nyumba.

Pima mashine yako

Baada ya hapo ipime kompyuta yako. Windows 11 inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, na kijisehemu cha kutunzia funguo za siri kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Inataka pia mashine iwe na uwezo wa kujiwasha kwa njia salama, jambo ambalo kwenye skrini huandikwa Secure Boot.

Namba ya prosesa utaipata katika ukurasa wa mipangilio unaoeleza habari za mashine. Ikiwa ni ya Intel, tazama tarakimu zinazofuata kistari. Mathalan i5-8250U huanza na 8, kwa hivyo ni ya kizazi cha nane, na kwa kawaida hizo hukubaliwa. i5-6300U ni ya kizazi cha sita, na haikubaliwi. Zinazoanza na 10, 11 au 12 ni za vizazi vya baadaye. Kwa habari ya TPM, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, uandike tpm.msc, kisha ubonyeze Enter. Ikiwa dirisha litasema toleo ni 2.0, hapo umepita.

Likisema haionekani, usikate tamaa. Mara nyingi kijisehemu hicho kimo ndani ila kimezimwa katika mipangilio ya mwanzo ya mashine, na Intel hukiita PTT ilhali AMD hukiita fTPM. Fundi anayeijua kazi yake hukiwasha kwa dakika chache. Watu wameuziwa mashine mpya kwa sababu ya swichi iliyolala. Aidha, Microsoft inayo programu ya bure, PC Health Check, inayokupimia haya yote na kukupa jibu moja.

Njia zilizo mbele yako

Ya kwanza ni ya wale ambao mashine zao zimepita mtihani. Kwao kupanda kutoka Windows 10 halali hadi Windows 11 ni bure. Ingia katika mipangilio, ufungue ukurasa wa Windows Update, na huko utaona mwaliko. Faili na programu zako hubaki mahali pake, ingawa, kama tulivyokwisha kusema, huanzi kabla ya kuwa na nakala. Ukiipanda na usiipende, una siku 10 za kurudi ulikotoka kwa kupitia sehemu iitwayo Recovery. Siku hizo zikipita, mlango hufungwa.

Ya pili ni ya wale ambao mashine zao zimeshindwa na mkono wao ni mfupi. Microsoft ilitangaza mpango wa kuendelea kuwapa watu wa nyumbani viraka vya usalama vya Windows 10 kwa mwaka mmoja zaidi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Ada yake ilitangazwa kuwa dola 30 za Marekani, lakini ilikuwapo njia ya bure kwa anayekubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe katika akaunti yake ya Microsoft. Lazima mashine iwe na Windows 10 ya toleo la 22H2, nawe utalijua toleo lako kwa kuandika winver mahali pale pale ulipoandika tpm.msc. Njia hii haiponyi, inakununulia muda wa kujikusanya.

Ya tatu ni kuhamia mfumo mwingine kabisa uitwao Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, huko Finland. Ni wa bure na halali. Aina yake iliyo maarufu ni Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004, na jina hilo la kusini mwa Afrika ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka huo huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizosema Kiswahili, kwa hivyo ulimwengu huu si mgeni kwetu. Uzuri wa Ubuntu ni kwamba unaweza kuijaribu kutoka katika flashi bila ya kugusa diski yako. Kwa mwanafunzi anayeandika, kusoma na kutumia intaneti, inatosha na kubaki. Lakini mwenye duka la Biashara Street ambaye hesabu zake zimo katika programu iliyotengenezwa kwa Windows tu, asihame kabla ya kuuliza. Jaribu pia printa yako kabla ya kuamua.

Ya nne ni kununua nyingine. Si lazima iwe mpya. Kompyuta za mtumba zinazotoka ng'ambo zimejaa mjini, na baadhi yake ni nzuri sana. Nenda na namba za prosesa nilizokutajia, iwashe pale pale dukani, na usikubali kuambiwa tu kwamba ina Windows 11. Mashine ya kizazi cha sita hulazimishwa kuipokea kwa hila, na Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina haki ya kudai viraka. Hapo utakuwa umelipa pesa ili urudi ulikoanzia.

Iko na njia ya tano, na hiyo nakusihi uikwepe. Ni ile ya flashi ya mtaani yenye Windows iliyovunjwa kufuli. Aliyeivunja hakuifanya kazi hiyo kwa ajili ya thawabu. Mara nyingi programu ndogo inayodanganya leseni ndiyo hiyo hiyo inayomfungulia mwizi mlango, nawe umemlipa mtu aje akuwekee ndani.

Na ikiwa mzee nyumbani ana kompyuta ya kuandikia tu, isiyounganishwa na intaneti kamwe, basi mwacheni na mashine yake. Zingatieni flashi zinazoingia humo, basi.

Siku ya kazi yenyewe

Chagua siku ambayo hakuna mwenye haraka. Usianze mkesha wa kuwasilisha tasnifu, wala jioni ya tarehe 30 Juni wakati watu wanakimbizana na ripoti ya kodi. Haraka haraka haina baraka. Tenga saa tatu au nne.

Angalia umeme. Kukatika kwa umeme katikati ya kazi kunaweza kuiacha kompyuta haijui kama ni ya zamani au mpya. Kipakatalishi kiwe kimejaa chaji na kimechomekwa. Kompyuta ya mezani ingefaa kupata betri ya dharura, hata ikiwa ya kuazima. Mwezi wa Mei, masika yanapopiga, ni afadhali kungoja siku ya jua. Na katika joto la kaskazi usiiweke juu ya godoro. Iweke mezani, karibu na dirisha, panka ikiwaka.

Angalia na bando lako. Kazi hii hupakua gigabaiti kadhaa. Kabla ya mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipokuwa hazijafika pwani ya Mombasa, kupakua mzigo kama huo nyumbani ilikuwa ni ndoto. Siku hizi inawezekana, lakini anayetumia bando la simu linaweza kumwishia njiani. Kama huna laini ya nyumbani, omba kwa jamaa aliye nayo, au mwombe fundi aje na mfumo huo katika flashi aliyoitengeneza kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe.

Kuhusu fundi, kuna adabu zake. Mheshimu na umlipe haki yake, lakini usimwachie kompyuta yenye picha za mabinti zako ukaenda zako. Kaa naye, au ziondoe kwanza. Mwulize kabla hajaanza: je, utafuta diski au utapandisha juu yake? Swali hilo moja limewaokoa wengi, kwa sababu kwa baadhi ya mafundi njia nyepesi ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Wala usimpe neno lako la siri la barua pepe, liandike mwenyewe.

Kazi ikiisha, ifungue kila programu unayoitegemea, uchapishe ukurasa mmoja, na uhesabu folda zako. Usizitupe zile nakala mbili kwa sababu mambo yamekwenda sawa. Zifanye upya kila mwezi, pengine siku ile ya kulipa kodi ya nyumba ili usisahau.

Mpenzi msomaji, wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Usipande mfumo mpya kwa sababu ya unyemi wake, wala usikatae kwa ajili ya mazoea. Jiulize tu: faili zangu ziko salama? Mashine yangu inapokea viraka? Ukiweza kuyajibu yote mawili kwa ndiyo, lala usingizi, iwe umetumia shilingi elfu nyingi au hukutumia hata moja. Na ikiwa leo utafanya jambo moja tu kabla ya chai ya jioni, basi itafute ile sauti ya nyanya na uinakili mahali pawili.

Tukutane Jumapili ijayo, Inshallah.